Biashara ya Nyumbani Yataka Mikebe Miwili

Mtu apitaye Mwananyamala alfajiri, tangu Kwa Kopa mpaka Komakoma, au akishuka kutoka Msisiri kwenda Kisiwani, ataona majiko ya mkaa yamewashwa mbele ya nyumba nyingi kabla jua halijapanda. Hapa zapikwa chapati, hapo vitumbua, pale supu yachemka kwa ajili ya makondakta na mafundi waendao kazini. Akichungulia uani ataona mengine: mama aliyeinamia cherehani, dada asukaye nywele, friza iliyojaa barafu na juisi ya ukwaju, ndoo za sabuni ya maji iliyotengenezwa usiku. Hakuna bango mlangoni wala kaunta. Sebule ndiyo duka, na ua ndio kiwanda.

Kazi hizi si za mchezo. Kodi ya chumba, sare za shule, dawa, na hata sadaka ya Jumapili katika nyumba nyingi za mtaa huu hutoka katika kikaango cha mama, wala si katika mshahara wa mtu. Kwa sababu hiyo yatupasa kuuliza swali ambalo wengi huliogopa. Mbona mama aliyeanza na kilo tatu za mchele miaka mitano iliyopita, leo bado yu pale pale na kilo tatu, na pengine zimekwisha kuwa mbili? Hakulala. Hakunywa pombe. Hakununua vitenge vya fahari. Ukimwuliza mwenyewe atajibu mara moja, "Mtaji, ndugu yangu. Mtaji wenyewe mdogo." Jibu hilo limezoeleka hata hakuna tena alipimaye. Lakini wako watu waliolipima, tena hapa hapa Dar es Salaam, na yafaa tusikilize walichokiona.

Mwaka 2008 wachumi wa chuo cha uchumi na biashara cha Bergen, nchini Norway, walifanya jaribio pamoja na PRIDE Tanzania, shirika lililokuwa likiwakopesha wafanyabiashara wadogo. Majina yao ni Lars Ivar Oppedal Berge, Kjetil Bjorvatn na Bertil Tungodden. Waliwachukua wateja wa shirika hilo wa matawi ya Magomeni na Buguruni, watu wa namna yetu kabisa: wauza vyakula, wenye magenge, mafundi, wauza nguo. Baadhi yao walifundishwa biashara kwa masomo 21, kila somo dakika 45, na walimu walitoka katika Kituo cha Ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadhi walipewa shilingi 100,000 taslimu, zawadi wala si mkopo, ili waitie katika biashara. Wako waliopata vyote viwili, na wako ambao hawakupata kitu, ili iwepo njia ya kulinganisha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Ile zawadi ya fedha haikuonekana kuinua biashara. Mafunzo ndiyo yaliyoinua, tena kwa nguvu, lakini yaliinua biashara za wanaume. Kwa wanawake, waliofundishwa masomo yale yale na walimu wale wale, matunda yalikuwa haba sana. Wachumi wale wakasema kwamba kwa wanawake darasa peke yake halitoshi. Hapana budi kuongeza na jambo jingine.

Asomaye haraka atasema kwamba elimu ya biashara haiwafai akina mama. Hilo si kweli hata kidogo. Mimi nafikiri sababu kubwa tunayo machoni petu kila siku. Mwanamume mwenye karakana huondoka nyumbani asubuhi, akafunga na kufungua mlango mwingine. Akiwa kazini hakuna mtoto amwombaye daftari la shule, wala shemeji aliyeshuka kutoka mkoani na begi lake. Lakini biashara ya mama imekaa katikati ya nyumba. Unga wa biashara na unga wa ugali wakaa kabati moja. Mafuta ni chupa moja. Fedha ni fundo moja la khanga. Mtoto akiugua usiku, fundo lafunguliwa. Msiba ukitokea, lafunguliwa. Fundi wa bomba akija, lafunguliwa. Si uzembe, ni upendo na wajibu. Hata hivyo mwisho wa mwezi biashara imekula mtaji wake, na mama hajui ni siku gani iliyokula.

Wala tusidhani hali hii ilianza jana. Wazee wetu wakumbuka miaka ya 1970 ya mwishoni na miaka ya 1980, mishahara ilipopungua nguvu hata ikawa haifiki katikati ya mwezi. Hapo ndipo wake wa makarani, walimu na wafanyakazi wa viwanda walipoanza kuuza maandazi, barafu na pombe za kienyeji. Mwanachuoni wa Marekani, Aili Mari Tripp, aliyefanya uchunguzi katika mji huu mwishoni mwa miaka ya 1980, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1997 akionyesha jinsi shughuli hizi ndogo ndizo zilizozishikilia nyumba za mji. Na Serikali ya wakati ule haikuzipenda sana. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na watu wasiokuwa na kitambulisho cha kazi walikamatwa wapelekwe mashambani. Basi biashara ya nyumbani ilizaliwa kwa dharura, ikalelewa kwa kujificha. Kitu kilichozaliwa hivyo hakina desturi ya kuandikwa. Mama alimfundisha binti yake kukanda na kukaanga. Hesabu hakumfundisha, maana yeye naye hakufundishwa.

Sasa tuchukue mfano, na bei nitakazotaja ni za kuhesabia tu, kwa kuwa sokoni hupanda na kushuka. Mama mmoja apika vitumbua vya kilo tatu za mchele. Mchele ni shilingi 7,500. Nazi tatu, 3,000. Sukari kilo moja, 3,000. Mafuta, 6,000. Hamira na iliki, 1,000. Mkaa, 2,000. Kusaga, 500. Jumla ni shilingi 23,000. Apata vitumbua 150, auza kimoja kwa shilingi 200, basi atazamia 30,000. Kichwani mwake faida ni 7,000, naye huamini hivyo mwaka mzima.

Lakini tutazame vizuri. Watoto wake wamekula vitumbua 10 kabla ya kwenda shule: hizo ni 2,000. Majirani wamechukua 15 kwa kusema "andika, nitalipa jioni," na jioni haikufika: hizo ni 3,000. Nauli ya kwenda soko la Tandale na kurudi, pamoja na mchukuzi wa mzigo, tuseme 1,000. Ile faida ya 7,000 imekuwa 1,000. Ameamka saa kumi usiku, ameketi mbele ya moto mpaka saa nne asubuhi, amebaki na shilingi elfu moja; na siku hiyo akitoa elfu tatu mkobani kununua mboga, basi elfu mbili ametoa katika mchele wa kesho. Hajaibiwa na mtu. Ni hesabu tu ambayo hakuiona.

Tazameni sasa kama mama huyu angepewa mtaji mara mbili. Angepika kilo sita. Watoto wangekula vile vile, majirani wangekopa zaidi kwa kuwa vitumbua ni vingi, na shemeji angesikia kwamba mambo yamekuwa mazuri. Ndiyo maana naamini habari ya Magomeni na Buguruni. Mtaji ukiingia katika mfuko uliotoboka huongeza kasi ya kumwagika.

Dawa ya kwanza haihitaji chuo. Yahitaji mikebe miwili, hata ya maziwa ya unga iliyokwisha kutumika. Mmoja ni wa biashara, wa pili ni wa nyumba. Fedha yote ya mauzo yaingia mkebe wa biashara. Kutoka humo mama ajilipa mshahara wake kila jioni, kiasi kile kile kila siku, nao waingia mkebe wa nyumba. Na mkebe wa nyumba ndio ununuao mboga, dawa na daftari. Hata vitumbua 10 vya watoto vyapaswa kununuliwa: toa shilingi 2,000 katika mkebe wa nyumba, tia katika mkebe wa biashara. Najua akina mama watacheka, kwa maana ni fedha ya mtu yule yule ihamayo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Lakini fanyeni juma moja tu, na mtajua kwa mara ya kwanza biashara yalipa kiasi gani na nyumba yala kiasi gani.

Jambo hili nalo lilijaribiwa, mbali na kwetu, katika Jamhuri ya Dominika. Huko benki ya wakopaji wadogo iitwayo ADOPEM iliwagawa wateja wake zaidi ya elfu moja. Wengine walifundishwa uhasibu kamili kama wa chuo. Wengine walifundishwa kanuni chache nyepesi, na moja iliyokuwa kubwa ni hii: weka fedha ya biashara droo yake na fedha ya nyumba droo yake, ukajilipe mshahara. Wachumi Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar walioandika habari hiyo mwaka 2014 waliona kwamba waliofundishwa uhasibu mrefu hawakubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Waliofundishwa kanuni nyepesi walianza kutunza hesabu na kujua hali ya biashara zao. Nawaomba waandaao semina za akina mama katika majumba yetu walifikirie neno hili. Nimeona semina ambazo siku nzima mtaalamu ahutubia kwa maneno ambayo hata mimi niliyepita chuo cha ualimu nayatafuta katika kamusi, na jioni mama arudi nyumbani na cheti, soda moja na fundo lile lile la khanga.

Baada ya mikebe yaja daftari. Kurasa mbili zatosha: huku kilichotoka, huku kilichoingia, na nyuma yake majina ya wadeni. Mtu asione haya kwa kuwa hakusoma. Wako mabibi wa Kisiwani ambao hawajui herufi, na hesabu ya kichwani mwao ingemtoa jasho mwalimu. Kilichowakosa si akili bali ni kumbukumbu ya mwezi mzima. Mtoto wa darasa la tano aweza kuandika wakati bibi ataja, na mtoto huyo atajifunza hesabu ya kweli kuliko ile ya mabomba yajazayo tangi. Kama hakuna mtoto, tumia simu. Siku hizi malipo mengi hupita kwa simu, na ujumbe wake ni daftari tayari kwa yule asiyeufuta. Ila simu haikumbuki fedha ya mkononi, na vitumbua bado hununuliwa kwa sarafu.

Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba aliyekuwa wa kwanza kuchapisha kitabuni namna ya kutunza hesabu za biashara kwa pande mbili alikuwa mtawa. Ni Ndugu Luca Pacioli, Mfransisko wa Italia, ambaye kitabu chake kikubwa cha hesabu kilitoka Venice mwaka 1494. Hakubuni yeye, aliandika desturi waliyokuwa nayo wafanyabiashara wa mji ule. Nao walikuwa na hesabu ya matumizi ya nyumbani iliyowekwa mahali pake peke yake. Basi jambo hili la mikebe miwili si ushamba wa Mwananyamala. Matajiri wa Venice walilifanya zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Sasa nije katika mipango. Watu wengi husikia neno "mpango wa biashara" wakadhani ni karatasi ya kupeleka benki. Mpango wa mama wa nyumbani ni kalenda, ile ile ya ukutani yenye picha ya Familia Takatifu. Aketi nayo mwezi wa Desemba, achore miezi.

Januari ni shule. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za msingi na sekondari za Serikali mpaka kidato cha nne, lakini sare, viatu, madaftari na michango havikuondoka, na mwezi huo wateja nao hawana kitu. Asiyeweka akiba Novemba, Januari atakula mtaji. Kisha yaja masika, Machi mpaka Mei. Mkaa hulowa na bei yake hupanda. Wateja wa barazani hupungua. Na kwa wakaao mabondeni karibu na Mto Ng'ombe, maji yaweza kuingia mpaka kwenye kabati la unga. Mtaro wa mto huo umejengwa upya katika miaka ya karibuni, nasi twashukuru, lakini mtu mwenye busara bado huweka gunia lake juu ya matofali. Anunuaye mkaa wa akiba Februari, ukiwa mkavu, amejilipa mwenyewe.

Kuna tena mwezi wa Ramadhani. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na biashara ya asubuhi hulala kabisa, huku ya jioni ikiamka: tambi, kaimati, mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga. Mwezi huo hutangulia kila mwaka kwa siku kama 10 au 11, kwa hiyo asiyetazama kalenda hukutwa na gunia zima la ngano ya chapati za asubuhi. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza juma moja, na wauza supu waliokuwa hawakujiandaa wakakosa Mwislamu na Mkatoliki kwa pamoja.

Wenye friza nao wana somo lao. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 umeme ulikuwa wa mgawo, kabla ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuwashwa Februari 2024. Wako waliokopa wakanunua friza katika miezi hiyo hiyo, na barafu ikawa maji wakati marejesho hayakusubiri. Hakuna awezaye kujua yote yatakayokuja, lakini kuuliza "umeme ukikatika siku tatu nitauza nini?" kabla ya kutia sahihi hakugharimu hata senti. Bwana wetu katika Injili ya Luka, sura ya 14, alitumia mfano wa mjenzi wa mnara kufundisha neno kubwa kuliko biashara. Lakini alijua kwamba wasikilizaji wake walikwisha kumwona mtu wa namna hiyo mtaani kwao.

Katika habari ya mikopo sitaficha niliyo nayo moyoni. Mtaa wetu umejaa mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu", na jina hilo lilipatikana kwa haki. Mama achukua shilingi 300,000 asubuhi bila maswali mengi, na kesho yake aanza kulipa 12,000 kila siku kwa siku 30. Jumla atalipa 360,000. Akisikia huona ni sawa tu, elfu sitini juu. Lakini rudi kwa mama wa vitumbua. Hata akiziba matundu yote faida yake ya siku haifiki 7,000. Hizo 12,000 zitatoka wapi? Zitatoka katika ile ile 300,000 aliyokopa, siku baada ya siku, na siku ya ishirini na tano atakwenda kukopa kwa mtu wa pili ili amlipe wa kwanza. Nimewaona wakija ofisini kwa Paroko baada ya makochi kuchukuliwa, na wako waliohama mtaa usiku. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yataka mkopeshaji wa namna hiyo awe na leseni ya Benki Kuu. Muulizeni leseni. Muulizeni tena mkataba kwa Kiswahili, na mwusome wote kabla ya kutia kidole gumba. Kama hataki usomwe, mmekwisha kujua.

Kikoba cha jumuiya ni afadhali mara nyingi, kwa kuwa riba hurudi kwa wanachama wenyewe na watu wajuana. Namna hii ya vikundi vya kuweka na kukopa ilianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991 kati ya wanawake wa vijijini, kisha ikaenea Afrika nzima mpaka kwetu. Lakini hata kikoba chataka mkebe wake. Anayenunua hisa kwa fedha ya mchele wa kesho hajaweka akiba, amehamisha njaa.

Imebaki habari ya baba wa nyumba, na hapa ndipo yale ya Magomeni na Buguruni yaturudisha. Mama akijifunza peke yake, akirudi akakuta mume ajua fundo la khanga li wapi na hajui kwamba limegawanyika, mafunzo yataishia mlangoni. Si waume wote wachukuao kwa ubaya. Mwingine hudhani kwamba fedha yote aionayo ni faida, maana hajawahi kuonyeshwa hesabu. Basi aonyeshwe. Waketi wawili, Jumapili baada ya Misa, daftari likiwa katikati yao, wakubaliane mshahara wa mama ni kiasi gani na kila mmoja atatia nini katika mkebe wa nyumba. Na mume akumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yampa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake mwenyewe sawasawa na mwanamume, tena yampasa mume kumtunza mkewe na watoto. Kikaango cha mama hakikumwondolea baba wajibu huo.

Daftari lina kazi nyingine ambayo hatupendi kuifikiria. Mume akifariki, wajapo ndugu kutoka mbali kugawa vitu, swali la kwanza huwa, friza ni ya nani? Cherehani ni ya nani? Mjane asemaye kwa mdomo tu hubishiwa. Mwenye daftari la miaka mitatu na risiti ya duka yenye jina lake huonyesha. Nimeandika barua za namna zote mbili kwa wajane wa mtaa huu, na ile yenye risiti ndani huwa fupi sana.

Turudi kwa mama wetu wa vitumbua, tuone kama haya yana faida kwa shilingi. Nyumba ikinunua vitumbua vya watoto, na deni likikataliwa kwa upole isipokuwa kwa vitumbua vitano, faida yake baada ya nauli ni shilingi 5,000. Ajilipe 4,000. Elfu moja ibaki katika kibubu cha biashara. Kwa siku 26 za kazi ni 26,000, na kwa miezi sita ni 156,000. Kwa fedha hiyo yeye na jirani zake wawili wakiungana waweza kununua mchele kwa jumla Tandale badala ya kilo tatu tatu, na bei ya kilo itashuka. Mtaji huo hakuupewa na mtu, wala hakuna atakayekuja kugonga mlango kuudai.

Akifika hapo ndipo elimu ya pili humfaa. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, lipo tangu mwaka 1973 nalo hufundisha usindikaji wa vyakula, utengenezaji wa sabuni na ufungashaji. VETA nayo ina kozi fupi za ushonaji, upishi na umeme. Atakaye kuuza pilipili ya chupa au siagi ya karanga madukani apaswa kupata alama ya ubora ya TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo isimamiayo vyakula, na SIDO humwongoza njia. Ada ya kozi nayo itoke katika mkebe wa biashara, kama mkaa na unga, kwa kuwa ni gharama ya kazi. Mama atoaye fedha ya kikaango kipya bila kusita mara nyingi husita kabisa kutoa ya kujifunza, nami sijaelewa bado ni kwa nini, maana kikaango hutoboka.

Na halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, ikarudishwa mwaka 2024. Maombi siku hizi huingizwa kwa mfumo wa kompyuta, na wa kuulizwa kwanza ni ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi chatakiwa kueleza mradi wake, gharama na mapato yanayotazamiwa. Vikundi vinavyokuja kwetu kuomba msaada wa kuandika maelezo hayo hukwama mahali pamoja: wakiulizwa wameuza kiasi gani mwezi uliopita, hutazamana. Wenye daftari humaliza kazi hiyo kwa saa moja. Ofisi ya parokia iko wazi Jumanne na Alhamisi baada ya saa tisa, nao waje na madaftari yao, Wakristo na wasio Wakristo.